Glakoma: presha ya jicho isiyouma

Presha inayozungumzwa hapa si ile ya damu. Wala glakoma si mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na uoni ukarejea. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Nyuma ya irisi, yaani duara lenye rangi linaloizunguka mboni, kuna tishu inayotoa majimaji safi usiku na mchana. Majimaji hayo hupita kwenye mboni, huingia chumba cha mbele, kisha hutoka katika pembe ambapo irisi hukutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Hapo pana tishu mfano wa chujio. Katika glakoma ya pembe wazi, njia ya kulifikia chujio haikuzibwa, ila chujio lenyewe halipitishi vyema. Presha hupanda polepole, na nyuzi za neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo.

Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo wapo wanaoharibika neva ilhali presha yao haijavuka kiwango hicho. Ndiyo maana daktari huikagua neva na kupima upana wa uoni pia.

Uoni wa pembeni hutangulia kupungua, na jicho moja huficha upungufu wa jingine. Wenye asili ya Afrika wamo hatarini zaidi, na mapema zaidi. Ikiwa mzazi au ndugu yako anayo, pimwa hata kama unaona vizuri.

Jijini Stockholm waweza kuanza kwa mpima miwani anayepima presha ya jicho, au kupiga simu 1177. Omba mkalimani, hulipii. Usimtumie mtoto wako kutafsiri maneno ya daktari.

Matone hushusha presha. Hayaponyi, hivyo hutumiwa daima. Mjulishe daktari ikiwa una pumu, kwani baadhi ya matone hubana pumzi. Mwezi wa Ramadhani usiache dawa: wanazuoni wengi wanaona tone la jicho halibatilishi saumu, na mwenye shaka amuulize daktari kama saa zaweza kupangwa baada ya futari na kabla ya daku. Ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze kona yake iliyo upande wa pua kwa dakika 1 au 2, dawa isishuke kooni.

Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika, huenda pembe imeziba. Usingoje miadi: nenda siku hiyohiyo kwenye huduma ya dharura ya macho, S:t Eriks Ögonsjukhus.