Kufundisha Mdahalo kwa Tukio la Kweli: Ndama wa Staines

Mdahalo umo katika mapokeo ya shule zetu tangu zamani. Ni nadra kumpata mwanachuo ambaye hakupata kukaa ukumbini akisikiliza watu wakishindana juu ya jembe na kalamu, au mji na kijiji, kipi ni bora. Mada za namna hiyo zina faida yake, kwani humzoeza mtoto kusimama mbele ya wenzake na kusema bila kutetemeka. Hata hivyo zina upungufu mkubwa: hamna ndani yake jambo lolote la kuchunguza. Mwenye ulimi mwepesi hushinda, na aliyefikiri sana huketi kimya, maana hakuna ukweli wa kumpima huyu wala yule. Kwa sababu hiyo mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi apaswa, walau mara moja kwa muhula, kuwapa wanafunzi wake tukio lililotokea kweli, lenye mambo yanayojulikana na mambo yanayobishaniwa, na lenye mtu aliyelazimika kuamua upesi.

Makala haya yaeleza namna ya kuandaa somo hilo kwa kutumia tukio moja la Uingereza. Limechaguliwa tukio la mbali kwa makusudi. Jambo la kijijini huja na ugomvi wake na koo zake, na mtoto hujua mapema upande ambao baba yake angependa autetee. Lakini mnyama aliyekatika kamba anafahamika kila mahali.

Mwalimu na alisimulie tukio polepole, bila kuonyesha upande wake. Tarehe 14 Juni 2024, siku ya Ijumaa, ng'ombe jike mwenye umri wa miezi kumi alitoroka akaingia katika mitaa ya Staines-upon-Thames, mji ulio magharibi ya London kando ya mto Thames. Polisi wa Surrey walipigiwa simu na watu kadhaa. Waliambiwa kwamba mnyama anakimbia barabarani, kwamba gari moja limeharibiwa, na kwamba anawaendea watu mbio. Kwa maelezo ya polisi wenyewe, askari walijaribu njia mbalimbali kwa muda wa saa kadhaa ili wamkamate salama, nao wasifaulu. Ilipokaribia saa 2:55 usiku iliamuliwa kwamba asimamishwe kwa gari. Gari la polisi lilimgonga mara mbili, akaanguka. Tukio hilo lilipigwa picha za video, na muda si muda nchi nzima ilikuwa imeziona.

Hapo mwanafunzi mwepesi atauliza: kama ilikuwa usiku, mbona picha zaonyesha kila kitu waziwazi? Jibu ni la somo la Jiografia. Katikati ya mwezi wa Juni jua la London huchwa yapata saa 3:20 usiku. Swali hilo lisipuuzwe, kwani mtoto aliyeliuliza ameanza kupima ushahidi kabla hajafundishwa.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. James Cleverly, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, alitamka hadharani kwamba haoni sababu ya maana ya kitendo kile, akataka apewe maelezo kamili kwa haraka. Watetezi wa wanyama walilalamika. Wengine waliwatetea askari, wakisema kwamba mnyama mzito anayekimbia kati ya nyumba za watu aweza kuua mtoto. Askari aliyekuwa akiendesha gari aliondolewa kwa wakati huo katika kazi za mitaani, na jambo lenyewe likapelekwa kwa chombo huru kinachochunguza mwenendo wa polisi. Ndama, ambaye jina lake ni Beau Lucy, alipata jeraha kubwa mguuni pamoja na michubuko, lakini aliokoka akarudi kwa wenzake.

Wanafunzi wengine watashangaa kwamba waziri mzima alishughulishwa na ndama mmoja. Mwalimu aweza kuwaeleza kwamba huko mnyama mtoro hupendwa upesi na watu. Mwezi Januari 1998 nguruwe wawili walitoroka machinjioni huko Malmesbury, wakaogelea kuvuka mto, wakatafutwa kwa siku kadhaa huku magazeti yakiwafuata nyuma. Walipokamatwa hakuna aliyethubutu kuwachinja. Waliishi hadi uzee, na wa mwisho wao akafa mwaka 2011. Hii ni habari ya pembeni tu, isichukue zaidi ya dakika tatu.

Baada ya masimulizi, mwalimu asikimbilie mdahalo. Kwanza yafundishwe maneno. Agawe ubao sehemu mbili. Upande mmoja aandike maneno waliyotumia polisi: walisema walimsimamisha ng'ombe. Upande wa pili aandike ya waliowalaumu: wao walisema gari limemgonga ndama. Mnyama ni yule yule, gari ni lile lile, na hakuna aliyesema uongo. Lakini asikiaye “ng'ombe amesimamishwa” huona dume la pembe ndefu likizuiwa kwa utaratibu, na asikiaye “ndama amegongwa” huona kitoto cha mnyama kimelala lamini. Lugha yetu inalo hata neno la tatu, mtamba, la ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Wa miezi kumi yumo njiani, ameacha kuwa ndama wa kunyonya, wala hajawa mtamba kamili. Wanafunzi wa jamii za wafugaji watabishana juu ya jina limfaalo, na ubishi huo wafaa kuachwa uendelee kidogo.

Kisha kila mwanafunzi aandike habari mbili za sentensi nne nne. Ya kwanza imfanye msomaji awahurumie askari, ya pili amhurumie mnyama, na katika zote mbili lisiwemo neno hata moja lisilo la kweli. Kwa maoni ya mwandishi, zoezi hili ndilo moyo wa somo zima, na ikiwa muda ni mfupi afadhali mdahalo wenyewe uachwe kuliko zoezi hili. Mtoto aliyekwisha kuandika habari hizo mbili kwa mkono wake hatasoma tena gazeti kama alivyokuwa akilisoma.

Hatua ifuatayo ni ya maarifa ya mifugo, na hapa mwalimu asione haya kukaa chini afundishwe. Katika madarasa mengi yumo mtoto aliyechunga tangu akiwa na miaka sita. Aulizwe: ng'ombe aliyepotea peke yake hutendaje? Atajibu kwamba huyo ndiye wa hatari kuliko kundi zima, maana ng'ombe ni mnyama wa kundi, na akitengwa na wenzake hushikwa na hofu. Ataeleza kwamba ukimkimbiza atakimbia, ukisimama mbali na kumpa nafasi atapunguza mwendo, na ukimletea wenzake wawili watatu atawafuata hata zizini. Mwalimu aongeze sababu. Macho ya ng'ombe yako kando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Tena kila mnyama ana umbali wake, na mtu akiuvuka umbali huo yeye huondoka. Gari linalomjia kwa nyuma huingia mahali asipoona vizuri. Shule ya mjini isiyo na watoto wa wafugaji yaweza kumwalika bwana mifugo kwa nusu saa.

Hapana budi pia ijulikane kwamba njia nyingine hazikuwa rahisi kama zinavyosikika. Sindano ya usingizi inayorushwa kwa bunduki yahitaji daktari wa mifugo, na kipimo cha dawa hutegemea uzito wa mnyama. Dawa yenyewe huchukua dakika kadhaa kufanya kazi, na katika dakika hizo mnyama aliyechomwa aweza kukimbilia barabara kuu. Kuhusu risasi, askari wa kawaida wa Uingereza hatembei na silaha ya moto, na hata angekuwa nayo, kupiga risasi katikati ya nyumba za watu ni hatari nyingine. Kuleta ng'ombe wenzake kwataka kwanza mwenye mnyama ajulikane na afike na gari la kubebea. Mwanafunzi asiyeyajua haya atasema tu, “Wangemkamata!” na kuketi, akidhani amejenga hoja.

Sheria ipewe nafasi ndogo lakini iliyo sahihi. Katika Uingereza mwenye mifugo hawajibiki kwa bahati tu. Zamani mahakama zilishika kwamba mwenye mnyama hana wajibu wa kumzuia asitangetange barabarani, na kesi moja ya mwaka 1947 ilithibitisha hivyo. Sheria ya Wanyama ya 1971 iliifuta kanuni hiyo. Sheria hiyo hiyo humruhusu mwenye shamba kumzuia mnyama aliyeingia shambani mwake, lakini lazima awaarifu polisi katika muda wa saa 48. Tena iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, ambayo hukataza kumtesa mnyama bila ya lazima. Ili kujua kama lazima ilikuwapo, sheria hiyo hutaka yaangaliwe mambo kadhaa: je, mateso yangeweza kuepukwa au kupunguzwa? Je, kitendo kilikuwa na shabaha halali, kama vile kumlinda mtu au mali? Je, kililingana na shabaha hiyo? Je, ndivyo ambavyo mtu mwenye ujuzi na huruma angetenda katika hali ile? Maswali hayo manne yaandikwe ubaoni na yasifutwe mpaka mwisho wa kipindi. Ni bora kuliko swali lolote ambalo mwalimu angelitunga mwenyewe.

Sasa mdahalo waweza kuanza. Mada isiwe “Polisi ni wakatili,” kwa kuwa hiyo haiwezi kuthibitishwa kwa tukio moja wala kukanushwa. Yafaa iwe hivi: “Askari waliokuwa Staines jioni ile hawakuwa na njia nyingine.” Wachaguliwe mwenyekiti, katibu na mtunza saa kama kawaida. Msemaji apewe dakika tatu, na awekewe sharti moja lisilo la kawaida: kila anapotaja jambo aseme limetoka wapi. Ama limeonekana katika picha, ama limesemwa na polisi, ama ni maarifa ya wafugaji, ama ni dhana yake mwenyewe. Dhana haikatazwi, ila itajwe kwa jina lake. Kwa mfano, hakuna picha fupi iwezayo kuonyesha saa kadhaa zilizotangulia, wala maelezo ya polisi juu ya saa hizo hayathibitishwi na picha hiyo. Msemaji akijenga hoja juu ya saa hizo bila kusema kwamba ategemea neno la upande mmoja, katibu ampunguzie alama.

Katikati ya mdahalo mwalimu apige kengele na kuwabadilisha: waliounga mkono wapinge, na waliopinga waunge mkono. Watanung'unika, hasa wale waliokwisha kupigiwa makofi. Kura ipigwe kabla ya mdahalo na baada yake, na anayebadili kura aeleze hoja iliyombadilisha. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyebadili, mwalimu atazame tena namna alivyowasilisha habari.

Liko jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Katika darasa aweza kuwamo mtoto wa askari, na karibu naye aweza kuketi mtoto ambaye kaka yake alikamatwa juzi. Mazungumzo juu ya nguvu za polisi hayatabaki Surrey muda mrefu. Mwalimu asiwanyamazishe kwa ukali, maana watajifunza kwamba jambo hilo haliongeleki shuleni, na wataliongea mahali pengine ambapo hakuna anayeuliza ushahidi. Wala asiache kipindi kigeuke kuwa mashitaka dhidi ya mzazi wa mwenzao. Anayeleta jambo la nyumbani asikilizwe kwa adabu, kisha aulizwe maswali yale manne yaliyo ubaoni, kama alivyoulizwa msemaji wa ndama. Kazi hii ni ngumu, na mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha aijadili na mwalimu mwenyeji wa darasa kabla ya kuanza.

Vipindi viwili vyatosha kwa yote haya. Kwa kazi ya nyumbani wanafunzi wawaulize wazee wao: mnyama akiingia katika shamba la mtu, nani humkamata, huwekwa wapi, nani huitwa kupima hasara, na fidia hulipwa kwa kipimo gani? Majibu yatatofautiana kati ya nyumba na nyumba, hata katika kijiji kimoja. Yaletwe yameandikwa, pamoja na jina la ukoo wa aliyeyatoa, yasomwe kwa sauti katika kipindi kinachofuata, na yale yanayopingana yatengwe kando kwa ajili ya mada ya mdahalo wa mwezi ujao.