Gundi au Ulimbo? Istilahi za Mbao za Kiwandani katika Karakana za Kayole

Makala haya yanachunguza jinsi neno gundi linavyobebeshwa maana nyingi katika useremala, mfano ukiwa karakana za Kayole, mashariki mwa Nairobi. Huko, makabati na vitanda aghalabu huundwa kwa plaiwudi, chipbodi au emdiefu. Fundi huunganisha vipande kwa gundi nyeupe. Hata hivyo, ndani ya ubao wenyewe mna gundi nyingine iliyotiwa kiwandani, isiyoonekana wala kutajwa.

Gundi hizi hazifanani. Ile nyeupe hukauka maji yake yanapotoka. Ya kiwandani huchanganywa na chembe za mti, kisha hukandamizwa kwa joto mpaka igande isiweze kuyeyuka tena. Aina mbili zimeenea. Ya yurea na formaldehidi ni nafuu, lakini unyevu huivunja. Ndiyo maana chipbodi iliyoloa hufura na kumeguka. Ya fenoli na formaldehidi, yenye rangi ya kahawia, hustahimili maji.

Tofauti hiyo inagusa afya pia. Ubao wa yurea huendelea kutoa gesi ya formaldehidi, hasa penye joto na unyevu. Gesi hiyo huwasha macho na koo, na mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiainisha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayelala chumba kimoja na kabati jipya, dirisha likiwa limefungwa, ana haki ya kuuliza. Je, aulize kwa neno gani?

Kiswahili hakikosi hazina. Utomvu ni majimaji ya mti ulio hai. Sandarusi ni zao la msandarusi, lililosafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, katika karne ya 19 ili kutengenezea vanishi. Ulimbo ni kinatacho na kunasa ndege. Huenda ikadaiwa kuwa ulimbo ni neno la mtego. Lakini kunasa ndiko hasa kazi ya kitu hiki, kwani hunasa chembe zikawa ubao.

Hivyo basi, inapendekezwa gundi libaki la fundi, na ulimbo sanisi liwe la kiwanda: ulimbo wa yurea, ulimbo wa fenoli. Istilahi hizi zitakuwa zimefaulu siku mnunuzi wa Kayole atakapouliza, kabla ya kulipa, ubao una ulimbo gani, na fundi akamjibu.