Dirisha au Kitanda: Kuchagua Chumba Ndani ya MV Liemba

Abiria wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, aliyelipia daraja la pili alipata kitanda, mlango wa kufunga, na joto. Vyumba vya daraja hilo vilikuwa chini, vimejaa vitanda vya deka, na mmoja akiinama kufunga kamba za viatu wenzake walilazimika kukunja miguu. Kidirisha cha duara kilikuwepo, ila hewa iliyopenya hapo haikuwatosha watu wanne. Wa daraja la kwanza alipanda ngazi, akakuta vitanda viwili, feni, na dirisha la kufungua. Wa daraja la tatu alijibana kwenye benchi, au akatafuta kona ya sitaha na kutandika mkeka wake.

Watu wanaopanda meli za kitalii za Karibiani hubishana sana juu ya chumba cha ndani, yaani kile kisichopakana na ubavu wa meli, kwa hiyo hakina dirisha hata dogo. Ni rahisi, kinatulia, na ukizima taa hujui kama ni alfajiri au adhuhuri. Disney Dream ilipoanza safari zake mwaka 2011, vyumba vyake vya ndani viliwekewa dirisha la uongo: skrini ya duara inayoonyesha bahari moja kwa moja kutoka kamera zilizofungwa nje. Mtoto anafurahi, mzazi anaokoa fedha. Lakini tusisahau kwamba meli zile zina kiyoyozi kila chumba. Ukiwa na kiyoyozi, giza ni usingizi mtamu. Bila kiyoyozi, digrii tano tu kusini mwa ikweta, juu ya injini inayonguruma usiku kucha, hesabu inabadilika kabisa.

Ndiyo maana msafiri wa Ziwa Tanganyika hakuanza na bei. Alianza na kituo atakachoshukia.

Ratiba iliyozoeleka ilikuwa hivi: meli inang'oa nanga Kigoma Jumatano jioni, kila baada ya wiki mbili, na kufika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi. Hayo yalikuwa ya kwenye karatasi. Shehena ikizidi, au upepo ukikataa, Ijumaa asubuhi iligeuka Ijumaa jioni. Kati ya Kigoma na Mpulungu kuna Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili na Kasanga, bila kutaja vijiji vidogo. Aliyekwenda Hifadhi ya Mahale kuwaona sokwe alishukia Lagosa, na Lagosa meli ilifika usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo kulipia daraja la kwanza ni kununua shuka atakazolalia saa tano, huku sikio moja likisikiliza honi asije akapitilizwa. Kwake yeye sitaha ilitosha: koti zito, mkeka, na mkoba wa kulalia kichwa. Wa Kipili au Kasanga alikuwa na usiku wa pili mbele yake, na usiku wa pili ndio unaomjua mtu. Huyo ningemwambia bila kusita apande juu.

Meli yenyewe haikuchorwa na mtu aliyekuwa akiwaza likizo. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam kwa bahari, halafu Kigoma kwa reli. Iliunganishwa upya ufukweni na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, kisha ikavishwa mizinga kwa ajili ya vita. Julai 1916 Wajerumani wakiondoka waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi walizipaka mashine grisi nzito kwanza, kana kwamba walijua itahitajika. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mvuke uliondolewa miaka ya 1970 na injini za dizeli zikaingia. Kwa hiyo anayelalamika kwamba choo kiko mbali na chumba chake, au kwamba bomba linapita juu ya mto wake, akumbuke analalamika kuhusu ramani iliyochorwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo.

Turudi kwenye hewa. Watu wa Kigoma walioizoea meli hii waliuliza swali moja kwenye dirisha la tiketi: feni inazunguka? Karani mwenye roho safi alijibu ukweli. Daraja la kwanza lenye feni mbovu bado lilikuwa na dirisha. La pili lenye feni mbovu lilikuwa oveni. Baada ya feni ndipo ulipofuata upande. Meli ikielekea kusini, ubavu wa kushoto unatazama Tanzania na wa kulia unatazama Kongo, na jua la jioni linazama nyuma ya milima ya Kongo. Chumba cha upande wa kulia kilipigwa na jua tangu saa tisa hadi machweo, kikabaki na moto wake mpaka usiku umekolea. Cha upande wa kushoto kilipata jua la asubuhi, wakati ambao mwenye chumba keshatoka kutafuta chai. Safari ya kurudi Kigoma, geuza yote hayo. Wageni wenye kamera walipenda upande wa machweo, nami siwalaumu, ila machweo yanaonekana vizuri zaidi ukiwa umeegemea ukingo wa sitaha, bila kulipia.

Dirisha nalo lina gharama yake. Vyumba vya juu vilipakana na njia ambayo watu hupita, na usiku njia hiyo iligeuka chumba cha kulala cha abiria wa daraja la tatu waliokimbia joto la chini. Ukifungua dirisha unapata upepo pamoja na mazungumzo yote ya bei ya dagaa Kasanga. Ukilifunga unapata faragha na jasho. Kitenge kilichobanwa juu ya dirisha lililo wazi kilimaliza ugomvi huo. Akina mama wafanyabiashara walikuwa na vitenge vya ziada kila mara, na kwa mgeni aliyesalimia kwa heshima, shikamoo mama kwanza, shida baadaye, kuazimwa kimoja halikuwa jambo la kujadiliwa.

Kuhusu kuyumba, wengi hudanganyika na utulivu wa bandari ya Kigoma. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki hulisugua kwa urefu wake wote. Mawimbi yake ni mafupi na makali. Chumba cha chini katikati ya meli hutikisika kidogo kuliko cha mbele au cha nyuma. Hiyo ni kanuni ya meli zote, na ndiyo sifa halali ya chumba cha ndani popote duniani. Hata hivyo kichefuchefu hakitokani na kuyumba peke yake. Harufu ya dizeli na ya magunia ya dagaa yaliyopangwa shehenani, ukiwa umejifungia, humaliza watu haraka kuliko wimbi. Mwenye tumbo jepesi alipata nafuu zaidi juu, penye upepo na penye upeo wa macho wa kutazama, hata kama juu ndiko kunakoyumba zaidi.

Kelele zilikuwa na jiografia yake. Omo kuna mnyororo wa nanga. Karibu na shehena kuna makuli, makasha ya mananasi na amri za kupiga kelele, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na gati: meli ilisimama ziwani, ikapiga honi, na maboti ya mbao yakaja kushindana ubavuni yakileta watu na kuchukua watu, mama na mtoto mgongoni akipokewa mkono kwa mkono. Huo ulikuwa mchezo wa kutazama usiku wote, na aliyelala karibu na mlango wa kupakilia aliutazama apende asipende.

Familia ilikuwa na ujanja wake. Badala ya vyumba viwili vya daraja la kwanza, wazazi wenye watoto wawili walichukua chumba kizima cha vitanda vinne cha daraja la pili, wakaacha mizigo ndani imefungwa kwa kufuli lao wenyewe, na mchana kutwa wakashinda sitahani. Chumba kikawa stoo na mahali pa kubadilisha nguo. Dada anayesafiri peke yake alipaswa kusema mapema, kabla tiketi haijaandikwa, kwamba anataka kulala na wanawake wenzake. Na kwenye deka, kitanda cha juu kina joto zaidi, ila ni chako peke yako. Cha chini ni benchi la kila anayepita kusalimia.

Kuna safari ambazo hakuna aliyeuliza daraja. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, walisafirishwa na Liemba hii hii kuletwa Kigoma, meli ikijaa watu mpaka kwenye ngazi.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba iliacha kubeba abiria, na kuifufua kumechukua muda mrefu. Tangu hapo wakazi wa mwambao wamekuwa wakitegemea maboti ya mbao, ambayo hayana vyumba vya kuchagua, au basi la Mpanda. Meli ikirudi, mpangilio wa vyumba unaweza kuwa mwingine, kwa hiyo mwombe karani akuonyeshe mchoro kabla hujatoa fedha. Ukipandia njiani, Kipili kwa mfano, usitegemee kukuta chumba kinakusubiri. Zamani mtu alipanda kwa tiketi ya sitaha, akamtafuta mhudumu wa vyumba, akamuuliza kwa upole nani anashuka kituo kinachofuata, kisha akalipa nyongeza humo humo melini.