Somo: Masaa Mengi Sokoni, Faida Iko Wapi?

Soma kwanza: Kutoka 18:13–27, Mhubiri 10:10, Marko 6:30–32

 

Mwezi huu tunazungumza juu ya biashara ndogo ndogo, kwa maana ndizo zinazolisha nyumba zetu nyingi. Katika kuwatembelea washirika, neno moja linarudi kila mahali. Mama anatoka nyumbani kabla ya jua na kurudi saa mbili za usiku. Watoto wamekwisha kulala bila kumwona siku nne mfululizo, na mwisho wa mwezi mtaji ni uleule, au umepungua. Ukimuuliza atafanya nini, anajibu: "Pasta, nitaongeza masaa." Kuna wakati jibu hilo ni la kweli. Mara nyingi zaidi silo.

Najua mtakalosema. Mtasema mchungaji anahubiri mapumziko kwa watu wanaokula leo kile walichopata leo. Ni kweli, sisi wa mjini hatupati chakula cha msaada kama wenzetu wa kambini. Lakini hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Tajiri anaweza kupoteza siku nzima na bado akala jioni. Sisi hatuna masaa ya kutupa.

Tuanze na Musa. Tusisahau kwamba Musa alikuwa mkimbizi katika nchi ya Midiani, na Yethro ndiye aliyempokea nyumbani kwake. Miaka mingi baadaye Yethro anakuja jangwani na kumkuta mkwewe ameketi tangu asubuhi mpaka jioni akiamua mashauri ya watu, na watu wamesimama foleni kumngojea. Angalieni mzee yule anavyosema. Hamwambii Musa aamke mapema zaidi, wala hamwiti mvivu. Anamwambia kwamba kwa njia ile atachoka yeye na watu wachoke pamoja naye. Kisha anatenganisha kazi: mambo makubwa yabaki kwa Musa, mambo madogo yaende kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kazi ya Musa ilipungua, na watu wakahudumiwa zaidi. Hilo ndilo jambo tunalolitafuta katika kibanda cha unga na katika chumba cha fundi cherehani.

Jambo hili halimo katika Biblia peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viwanda vya silaha vya Uingereza viliwafanyisha watu kazi masaa mengi sana, wengi wao wakiwa wanawake, na Jumapili pia. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya yao, na kamati hiyo ilipima kazi iliyotoka kila juma. Mwaka 2014 mtaalamu wa uchumi John Pencavel alizipitia hesabu zile upya. Aliona kwamba kazi iliyotoka katika juma la masaa 70 ilikaribia kuwa sawa na ile ya masaa 56. Yale masaa 14 ya juu yalikwenda bure, kwa sababu mwili uliochoka unafanya polepole na kuharibu. Aliona pia kwamba kukosa siku ya mapumziko kulipunguza kazi. Sisi tuliambiwa habari ya siku ya saba zamani sana, ila hatukuiamini mpaka tulipoletewa hesabu.

Biashara si kiwanda, nakubali. Mwenye duka anaweza kukaa tu akingojea mteja, na kungoja nako ni kazi. Basi tuangalie masaa yetu yanaliwa na nini hasa.

La kwanza ni safari za kununua bidhaa. Tuseme mama ana kibanda cha sukari, mafuta, sabuni na chumvi. Kila siku anakwenda kununua kidogo kwa yule anayeuza kwa jumla, na safari inachukua masaa mawili, kwenda na kurudi. Kwa siku sita ni masaa 12 ambayo kibanda kimefungwa au kinalindwa na mtoto. Akienda mara mbili tu kwa juma, ni masaa 4. Masaa 8 yamerudi, na hakupoteza mteja hata mmoja. Hapa Bujumbura safari hizi zimekuwa ndefu kuliko zamani. Mwaka 2022 serikali ilikataza pikipiki, baiskeli na tukatuka kuingia katikati ya mji, na upungufu wa mafuta ya gari wa miaka hii umefanya foleni ya basi kuwa kazi nyingine kamili.

Utasema: nitanunuaje vya siku tatu na mtaji ni wa siku moja? Hilo ni swali la haki. Njia ninayoipenda ni majirani watatu kununua pamoja. Leo anakwenda mmoja kwa niaba ya wote, Alhamisi mwingine, Jumatatu wa tatu. Mfuko mzima huuzwa kwa bei nafuu kuliko kilo kilo, na wawili wanabaki kazini. Wale walio katika kirimba (wengine tulizoea kuita likelemba) wanaweza kuomba zamu yao iangukie wakati wa kununua mzigo. Na vikundi vya kuweka na kukopeshana, vile vyenye sanduku na kufuli tatu, tunavijua. Shirika la CARE lilianza navyo nchini Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, na leo viko katika nchi nyingi za Afrika. Ila msijaze mtaji wote ndani ya kibanda kimoja. Waliokuwa na meza katika soko kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013 wanajua moto ulifanya nini asubuhi ile.

La pili ni dogo hata mtacheka: chenji. Watafiti watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, waliwafuata wafanyabiashara wadogo wa magharibi ya Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliona kwamba mfanyabiashara wa kawaida alipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake kwa kukosa chenji tu. Mteja anakuja na noti kubwa, mwenye duka anaanza kuzunguka kwa majirani, mteja anachoka na kuondoka. Jambo lililonigusa ni kwamba wafanyabiashara walipoulizwa kila juma juu ya hasara hiyo, wakaanza wenyewe kuweka chenji zaidi. Hakuna aliyewapa mkopo. Waliliona tu lile ambalo halikuonekana. Basi, ndugu, jioni usitoe noti zote ndogo kununua mboga. Ziache kwenye kopo la kesho. Anayeweza kupokea kwa Lumicash na apokee, akikumbuka kwamba kutoa pesa kuna malipo yake.

La tatu ni madeni, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna ndugu wanaozunguka mtaa kila jioni kudai. Deni lenyewe ni dogo, bali masaa ya kulifuata ni mengi, na urafiki unaharibika, hata ndani ya kanisa. Weka siku moja ya kudai kwa juma. Weka kiasi ambacho hakuna mteja atakayekipita, na ukiandike mahali kinaposomeka. Na sisi washirika tuache kumwambia mwenye duka "Mungu atakubariki" huku tukiondoka na sukari yake bila kulipa.

Kwa mafundi wa kushona, kazi iko katika kupanga. Fundi anayeshona gauni moja mpaka mwisho kisha anaanza lingine, anabadilisha uzi, anawasha pasi ya makaa, anatafuta mkasi, na kila mara anaanza upya. Akate nguo tano siku moja, ashone za rangi moja pamoja, awashe makaa mara moja kwa zote. Yule mhubiri aliyeandika juu ya shoka butu aliijua habari hii: asiyenoa chombo analipa kwa nguvu zake mwenyewe. Mashine isiyotiwa mafuta ni shoka butu.

Wavuvi wa ziwa letu Tanganyika wanaelewa kuliko sisi wa nchi kavu. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, basi wavuvi hawapotezi mafuta kupigana na mwezi. Wanabaki ufukoni kushona nyavu na kutengeneza taa. Na kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Nawe chunguza kibanda chako: yako masaa ya mwezi mpevu. Kama kati ya saa moja na saa tatu za usiku unauza kibiriti kimoja na mshumaa, unapigana na mwezi.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa kupanga, nasi tuitaje. Wengi wetu tuliendesha biashara kama mtu anayengojea basi. Tulisema: kwa nini nipange, safari ya Marekani iko karibu? Januari 2025 mpango ule ulisimamishwa, na familia zilizokuwa zimemaliza mahojiano zilibaki na mifuko mlangoni. Uchungu huo sitaufunika kwa maneno. Lakini kibanda cha kungojea kinahitaji sasa kutunzwa kama shamba.

Kwa akina baba: ushauri wa Yethro unaingia ndani ya nyumba pia. Baba anayeketi mtaani mchana wote huku mama akibeba mzigo, akiuza na kurudi kupika, amemwacha Musa peke yake. Baba anaweza kufanya ile safari ya kununua. Kijana anaweza kulinda meza baada ya shule, lakini si badala ya shule.

Kazi ya juma hili. Chukua kaye, piga mistari, uwe na sehemu nne: masaa ya kuuza, masaa ya njiani, masaa ya kudai, masaa ya kungojea bila mteja. Andika kila jioni, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Asiyejua kuandika amwombe mtoto. Fedha si lazima uziandike kama unaona haya; masaa tu yanatosha. Jumapili baada ya ibada tutabaki chini ya mwembe, akina mama upande mmoja na akina baba upande mwingine, tujadiliane haya:

1. Ni saa gani katika siku yako ambayo ukiifuta hakuna mteja atakayejua?
2. Ni kazi gani unayoifanya wewe ambayo mwingine wa nyumbani angeifanya?
3. Ni majirani gani wawili ambao ungewaamini na fedha za mzigo?