SOMO LA KAZI YA MIKONO: KICHWA CHA KITANDA CHENYE MTO



Katika gazeti letu tumezoea kusoma masomo ya hesabu na ya fizike. Leo tunaandika juu ya kazi tuliyoifanya wenyewe nyumbani, Hewa Bora, wakati wa likizo ya Noeli. Tuliharibu mara mbili mbele ya kuiweza, njo maana tunaweza kuwaonyesha pa kuangalia.

Neno lilianza na Nkambo. Alitoka ku hospitali na maumivu ya mgongo, na munganga alisema asilale siku nzima, aketi kitandani akiegemea kitu. Kitanda chake ni cha chuma, na mito ilikuwa inapita katikati ya vyuma na kuanguka nyuma. Tukisukuma kitanda ku ukuta, chokaa ilimshika mgongoni, tena wakati wa mvua ukuta wetu unatoa maji. Mama akasema atanunua kitanda kipya, kile chenye kichwa cha mto. Lakini pesa iliyokuwa mu nyumba ilikuwa ile ya kulipia mtihani wa Serikali, yetu sisi wa darasa la mwisho. Mama alikuwa tayari kuitoa. Tulimwomba atupe juma moja tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kipimo. Tulipima kitanda kitupu, matela ikiwa inje ku jua. Tukakata tripleksi ya upana wa sentimita 90, sawa na kitanda, na urefu wa sentimita 60 kuanzia ku chuma. Kwa macho ilipendeza. Kumbe matela yenyewe iko na sentimita 20! Ilipowekwa, zilibaki 40, na ukingo wa ubao ukamkata Nkambo chini ya mabega. Akatuangalia, akasema: « Bana bangu, iko muzuri, lakini munatengeneza ya mutoto. » Basi msipime kitanda, mpime mtu. Mweke matela mahali pake, yule atakayeegemea aketi juu yake, halafu mpime toka juu ya matela mpaka shingoni. Kwa Nkambo tulipata sentimita 65. Ongezeni unene wa matela, jumla 85. Hatukutupa ubao wetu: tuliunga kipande cha sentimita 25 juu yake na kukikaza kwa nyuma na mbao mbili. Mbao hizo tuliziacha ndefu, zikashuka mpaka chini na kuwa miguu.

Mbao za miguu tulizitoa ku paleti, zile zinazokuja na mizigo ya makampuni na kuuzwa rahisi. Hapa tunaomba muangalie sana. Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya mataifa juu ya mbao za kufungia mizigo, na paleti inayoifuata inapigwa muhuri. Ukisoma HT, mti ulichomwa kwa joto, digri 56 mpaka katikati kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Ukisoma MB, ulitiwa gazi ya sumu, uache. Na hata ikiwa HT, paleti yenye unga wa rangi au alama ya mafuta uiache pia, maana mu muji wa migodi kama Lubumbashi hatujui ilibeba nini.

Sasa musi, ile iliyo ndani ya matela. Mpya ni bei, sisi tulitumia matela ya zamani. Katikati ilikuwa imekwisha kulala kabisa, lakini pembeni, pasipolaliwa na watu, ilikuwa ingali na nguvu. Tulikata pembeni kwa kisu cha mkate na kuunga vipande kwa kole mpaka unene wa sentimita 5. Piga ngumi juu yake: ukisikia ubao, ongeza. Tatizo la matela ya zamani ni kunguni. Wanajificha mu mishono na mu nyufa za mbao. Mfuko wa matela tuliutia ndani ya maji yaliyochemka, nyufa zote za mbao na za kitanda tukazimwagia maji hayo, kwa kuwa kunguni na mayai yake hawavumilii joto la kupita digri 50. Musi tuliiosha na kuianika siku tatu, tukiikimbiza ndani kila mvua iliponyesha. Majirani walicheka sana.

Kitambaa kiwe kizito, cha fotei. Liputa inapendeza lakini inapasuka ku pembe. Hesabu ni hii: sentimita 5 za musi, moja na kidogo za ubao, na 5 za kukunja nyuma; kwa hiyo ongeza 12 kila upande. Kwa ubao wa 90 kwa 85, kata kitambaa cha 114 kwa 109. Kilaze chini, upande mzuri ukiangalia chini, halafu musi, halafu ubao. Anza na msumari mmoja katikati ya upande wa juu, vuta, weka wa pili katikati ya upande wa chini, kisha kushoto, kisha kuume. Endelea hivyo ukielekea pembe. Ukimaliza upande mmoja wote mbele ya kugusa mwingine, kitambaa kitakunjana. Pembe njo za mwisho: kunja kama bahasha, punguza kinachozidi, piga.

Kosa la pili lilikuwa la mudogo wetu. Ubao wetu uko na milimita 12, yeye akapiga misumari ya 20. Ncha zikatoka ndani ya musi, na kwa mkono hukuzisikia mpaka ubonyeze. Tulifungua yote! Misumari iwe ya milimita 10, kichwa kipana.

Miguu tuliifunga ku vyuma vya kitanda kwa bulo nne, na tukaacha nafasi ya sentimita 3 mbele ya ukuta ili hewa ipite, bila hiyo kitambaa kitaoza. Kisha sisi wawili tuliegemea pamoja kwa nguvu zote, mbele ya kumwita Nkambo.

Jambo moja lilitutia woga, nalo ni mshumaa. Umeme ukikatika usiku, tumezoea kuusimamisha pembeni ya kitanda. Musi ya leo inatoka mu kemia, ile iliyoanzishwa Ujerumani na Otto Bayer mwaka 1937. Inashika moto haraka mno na moshi wake ni sumu. Kwa Nkambo tumetundika taa ya pile ku ukuta, na kiberiti tumekitoa mu chumba chake.

Pesa ya mtihani imelipwa. Kwetu kumebaki kipande cha musi, sentimita 40 kwa 30. Mwenye mzee anayeumwa mgongo aje kukiomba mu darasa letu, saa ya mapumziko.