Kioo cha mpima ardhi na mpaka wa ploti yako

Ukipita Githurai 45 ukaona kijana ameshika fimbo ndefu yenye kioo juu, na mwenzake anachungulia kwenye mashine ya miguu mitatu, usidhani wanapiga picha. Wanapima ardhi. Kioo kile ni prizimu.

Mashine hutuma mwale. Kioo bapa kingeinama kidogo tu, mwale ungepotelea kando. Prizimu hii ina nyuso tatu zinazokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba ambapo kuta mbili hukutana na sakafu. Mwale huingia, hudunda mara tatu, kisha hurudi ulikotoka, hata prizimu isipoelekezwa sawasawa. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mashine hukokotoa umbali.

Fimbo yenyewe, hata hivyo, lazima isimame wima. Ya mita 2 ikiinama digrii 1 tu, prizimu husogea karibu sentimita 3.5 kutoka juu ya alama. Kwetu huku, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, hizo zatosha kuwagombanisha majirani. Ndiyo maana fimbo ina pimamaji, kama ya fundi wa mawe. Omba uitazame.

Kabla ya kulipa, hakikisha mpima ana leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi. Na fundi anapochimba msingi, asiguse bikoni: kuing'oa bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299.