Neno "Shoga" na Mlango wa Bweni: Istilahi za Ushauri Nasaha katika Vyuo vya Nakuru

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano baina ya msamiati wa Kiswahili na usalama wa makazi ya wanafunzi walio wapenzi wa jinsia moja, pamoja na wale ambao jinsia yao hailingani na iliyoandikwa katika vyeti vyao. Eneo tunalolizingatia ni Njoro na viunga vya Nakuru. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi wa aina hiyo akitaka kueleza shida yake kwa Kiswahili, hukuta maneno mengi aliyo nayo yamekwisha kuwa matusi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Ndiyo maana Alifa Chokocho aliweza kuiita hadithi yake "Shogake Dada ana Ndevu", katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na anwani hiyo ikabeba kinaya: shoga huyo ni mvulana aliyejifunika buibui. Maana ya pili, ya mwanamume anayependana na wanaume, ndiyo iliyosafiri hadi bara na kuiacha ya kwanza nyuma. Msichana wa Lamu akimwita mwenzake shoga katika bweni la huku kwetu, anaweza kutazamwa vibaya asijue kosa lake. Maneno mengine hayana hata bahati hiyo. Msenge ni tusi. Hanithi, lenye asili ya Kiarabu, humtaja pia mwanamume asiye na nguvu za kiume. Msagaji hukitaja kitendo na kumsahau mtu.

Haya yanahusuje makazi? Wanafunzi wengi wa Egerton hupanga vyumba Njokerio, nje ya chuo, na mapatano aghalabu huwa ya mdomo. Uvumi ukimfikia mwenye nyumba, neno moja latosha: mpangaji hutakiwa kuhama, na pesa alizoweka awali huwa vigumu kuzidai, maana kuzidai ni kuutangaza uvumi wenyewe. Akienda nyumbani kuomba msaada, huenda habari zimemtangulia.

Wenye nyumba hutaja sheria. Ni kweli kwamba kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu kitendo cha "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo, kifungu hicho huhitaji kitendo kithibitishwe mahakamani. Jina analoitwa mtu si ushahidi, wala mwenye nyumba si hakimu. Katiba ya 2010 nayo hulinda heshima ya kila mtu katika Ibara ya 28 na haki ya makazi katika Ibara ya 43. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kukataa kulisajili shirika la National Gay and Lesbian Human Rights Commission kulikuwa ubaguzi. Shirika hilo hutoa msaada wa kisheria. (Msomaji na ajaribu kulitafsiri jina lake bila kutumia maneno tuliyoyajadili hapo juu.)

Inawezekana lugha ikatengenezwa. Huntha, neno la wazaliwa wenye maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume kikamilifu, linatumika bila kebehi, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu hao 1,524. Kwa wengine, tunapendekeza "mpenzi wa jinsia moja", ingawa ni refu na halina ladha.

Washauri rika wasianze kwa kumuuliza mwenzao yeye ni nani. Waulize: "Unalala wapi leo, na je, uko salama hapo?" Swali hilo halihitaji istilahi yoyote, na jibu lake ndilo litakaloonyesha kama inafaa kwenda kwa mkuu wa wanafunzi, kwa wakili, au kutafuta chumba kingine kabla ya usiku kuingia.